Maswali ya Gereji: HiAce ya dizeli yenye kitanda nyuma

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu kununua gari la dizeli la kugeuzwa kuwa la kulala safarini. Barua karibu zote zinaitaja Toyota HiAce, na haishangazi: spea zake zinapatikana mpaka miji midogo, na fundi asiyeijua ni nadra. Majina tumeyaacha, tumebakiza miji.

ARUSHA

Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunatafuta HiAce ya dizeli tuifanye ya kulala. Safari zetu ni Arusha hadi Kigoma na kurudi, mara mbili au tatu kwa mwaka. Fundi mmoja anasema tafuteni 5L. Mwingine anasema 5L ni ya enzi za babu, chukueni D-4D. Wote wawili wanasema injini yao ni "lita tatu". Tofauti iko wapi?

Jibu: Ni lita tatu kweli zote mbili, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. 5L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika tupu. 1KD, ambayo wengi wanaiita D-4D, ina sentimita za ujazo 2,982, ina turbo na mfumo wa komoni reli: pampu inajaza bomba moja nene kwa shinikizo kubwa, kisha nozeli nne, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, zinafunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta. Ya kwanza ikigoma njiani, fundi wa Nzega ataiamsha kwa spana na kutoa hewa kwenye mabomba. Ya pili ikigoma, mara nyingi kazi inaanza na mashine ya kupimia, na mashine hiyo huenda iko Singida au Tabora.

Msimuulize muuzaji ni injini gani. Someni namba ya chesisi. KDH200 na KDH205 ni 2KD ya lita 2.5. KDH201 na KDH206 ni 1KD ya lita 3. GDH201 na GDH206 ni 1GD ya lita 2.8. TRH200 ni petroli ya lita 2. Zinazoishia na 5 au 6 hapo ni za magurudumu manne. Umbo la HiAce mnaloliona sasa lilianza 2004, na zile zilizouzwa ndani ya Japani kwa umbo hilo hazikuwekwa 5L. Basi mkiambiwa "hii imetumika Japani na ina 5L", umbo likiwa hilo jipya, ulizeni injini ilibadilishwa lini na nani.

Ushauri wetu: kama mtaendesha wenyewe mbali na miji na hamtaki kubeba mashine ya kupimia, 5L yenye bodi nzima ni gari la amani. Bei yake mtailipa pale kwenye mlima wa Sekenke, mtakapopanda nyuma ya malori huku mkihesabu miti. Kama mnataka mwendo, 1KD ya gia za mkono, ila someni jibu la Nakuru hapa chini kabla ya kutoa hata shilingi. 1GD ni injini nzuri, haina mkanda wa taimingi (unaooanisha valvu na pistoni), ina cheni. Tatizo ni kwamba zile za Japani zinatumia maji ya urea kusafisha moshi, na yakiisha, ukizima gari halitawaka tena. Hakikisheni mnapata urea njia nzima.

Na msiidharau petroli. Mtu anayetembea chini ya kilomita 10,000 kwa mwaka, akiba ya mafuta ya dizeli haifiki gharama ya nozeli nne. Mara mbili au tatu Kigoma kwa mwaka, pigeni hesabu hiyo kwa makini.

NAKURU

Nimepata KDH201 ya mwaka 2014, kilomita 214,000. Mwenyewe ni mtu mpole, hana haraka ya kuuza. Taa ya T-BELT, ya kukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi, haiwaki na gari linavuta vizuri. Nikague nini kabla sijalipa?

Jibu: Upole wa mwenye gari si kipimo cha injini. Mwombe asiliwashe tangu usiku, ufike asubuhi, uinue kiti cha mbele uguse injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini hii ikiwa na moto huficha maradhi yake yote.

Liwashe likiwa baridi. Moshi mweupe kidogo unaokatika ndani ya nusu dakika hauna neno. Moshi mweupe unaoendelea, unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, huku injini ikitetemeka, ni nozeli au plagi za kupasha joto. Wa buluu ni oili: turbo, ringi au sili za valvu. Mweusi ukikanyaga ni hewa haitoshi au dizeli imezidi. Mara nyingi EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, imejaa masizi. Sikiliza pia mlio wa kugonga. Dizeli zote zinagonga, lakini mlio mmoja mkavu, kama msumari unaogongwa kwenye bati, unaotoka silinda moja tu, ni nozeli inayomwaga dizeli ovyo. Kwenye 1KD mwisho wa nozeli hiyo ni pistoni kupasuka.

Sasa jambo lenyewe. Chini ya kila nozeli kuna washa, yaani pete nyembamba ya shaba, ndogo kuliko sarafu. Kazi yake ni kuzuia moto wa silinda usipande pembeni ya nozeli. Ikichoka, gesi ya moto inapenya, inaingia chini ya kava la valvu, inakutana na oili na kuipika. Oili iliyopikwa inageuka punje nyeusi ngumu kama makaa yaliyosagwa, zinateremka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na huko zinaziba wavu wa mdomo wa pampu ya oili. Siku moja pampu inavuta na hakuna kinachopanda. Turbo inatangulia, beringi za krenki zinafuata. Ukichomoa dipstiki, oili imejaa hadi alama ya juu, na mwenye gari anaapa kwamba hakukosa sevisi.

Kwa hiyo, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha oili juu. Kupumua kidogo ni kawaida. Ikiwa inapuliza kwa mapigo, kifuniko kinarukaruka na hewa ina harufu ya masizi, washa zimeondoka au ringi zimechoka. Angalia ndani ya mdomo huo kwa tochi: oili nyeusi laini ni sawa kwa dizeli, lakini gamba gumu jeusi si sawa. Kisha zima, subiri dakika kumi, washa tena ukitazama taa nyekundu ya oili. Inapaswa kuzimika mara moja. Ikichelewa sekunde tatu nne, ondoka hapo.

Lipia mashine ya kupimia. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, soma tarakimu za marekebisho ya nozeli, moja kwa kila silinda. Zikiwa ndani ya 3 juu au 3 chini ya sifuri, zinakubalika. Ikikaribia 5, nozeli hiyo hesabu imekufa na uitoe kwenye bei. Baada ya hapo panda nalo mlima kwa gia ya tatu kuanzia mizunguko 1,800. Livute bila kukohoa wala kuwasha taa ya injini.

Taa ya T-BELT kutowaka haithibitishi chochote, kwa sababu mtu anaweza kuizima bila kubadilisha mkanda. Kwa magari ya Japani taa hiyo huwaka kila kilomita 100,000. Tafuta stika ndogo kwenye chumba cha injini yenye tarehe na kilomita, Wajapani huibandika mkanda ukibadilishwa. Kama haipo, hesabu kwamba mkanda ni ule ule wa 2014. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Bodi utaikagua kwa kulala chini. Reli ya mlango wa kusukuma, matao ya magurudumu ya nyuma, mfereji wa maji pembeni ya paa, na ukingo wa chini ya kioo cha mbele. KDH206 ikaguliwe mara mbili, kwani nyingi zimetoka mikoa ya theluji kama Hokkaido na Niigata, ambako barabara humwagiwa chumvi. Kama karatasi ya mnada bado ipo, gredi R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa, na herufi S karibu na sehemu ya bodi ni kutu.

Ukinunua, wiki ya kwanza usinunue mbao. Fanya hivi: washa nne mpya za nozeli na sili zake, sampu ishuke, wavu wa oili utolewe na kuoshwa, mkanda wa taimingi pamoja na tenshona na roli yake, filta zote, oili mpya karibu lita 7 (dipstiki ndiyo iseme mwisho). Simama na fundi wakati nozeli zinachomolewa. Kosa tunaloliona sana ni washa ya zamani kubaki imenata kwenye tundu, fundi akaweka mpya juu yake. Nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa na gesi inapenya ndani ya mwezi. Hesabu zilizotoka: ziwe nne. Tundu lisuguliwe hadi shaba ikae kwenye chuma kisafi, na bolti ya kubana nozeli ikazwe kwa spana ya kipimo. Tunashauri zirudiwe kila kilomita 50,000. Nozeli mpya zikinunuliwa, kila moja ina msimbo ulioandikwa juu yake wa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Bila msimbo huo kompyuta haijui nozeli imebadilishwa, na gari linabaki linatetemeka.

MWANZA

Gari langu ni 1KD. Likipata moto, sailensa inapanda na kushuka yenyewe, na mara mbili limezima kwenye mataa. Fundi anasema pampu ya dizeli imekufa, ninunue nyingine. Bei yake inanitoa jasho.

Jibu: Usinunue pampu kwanza. Anza na chenye bei ndogo.

Chini ya nyumba ya filta ya dizeli kuna skrubu ya kutolea maji. Ifungue, kinga nusu lita kwenye chupa nyeupe, uiache dakika kumi. Maji yatakaa chini na utayaona mstari kabisa. Dizeli ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, hayajitengi hivyo, ila utayasikia puani na dizeli itakuwa nyepesi vidoleni. Badilisha filta hata kama ilibadilishwa juzi. Kitabu kinaruhusu umbali mrefu zaidi, ila kwa dizeli ya madumu ya huku, kila kilomita 10,000 ndiyo tunaiona salama.

Hali ikibaki vile vile, mshukiwa ni SCV, ile valvu ndogo ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa pampu. Ndiyo inayopima dizeli inayoingia kwenye sehemu ya shinikizo kubwa. Maji na uchafu vinaikwaruza, inaanza kunata, na injini ikipata moto inanata zaidi. Dalili zake ni hizo ulizoandika. Inauzwa peke yake, na inashikwa na bolti mbili na plagi ya waya. Eneo lote lioshwe na kukaushwa kabla ya kuifungua, maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo inaua kipya ulichonunua. Mpira wa duara upakwe dizeli safi, kisha mashine ifute kumbukumbu ya pampu ili kompyuta ijifunze upya.

Kuna mafundi wanaolegeza bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma ili "kusikiliza silinda", kama walivyozoea kwa injini za zamani za 3L na 5L. Kwa komoni reli usimruhusu mtu. Bomba hilo lina shinikizo linaloweza kupita baa 1,500, na dizeli inayotoka hapo inapenya ngozi kama sindano. Mtu akichomwa hivyo ni wa kukimbizwa hospitali hata kama tundu halionekani.

DODOMA

Je, naweza kuacha injini ikiunguruma usiku ili AC ifanye kazi tukiwa tumelala?

Jibu: Hapana. Moshi unaweza kurudi ndani kupitia tundu lolote la sakafu, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu. Kingine ni gari lenyewe. HiAce nyingi za 1KD zilizotoka Japani kuanzia 2007 zina DPR, chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo hujisafisha kwa kuunguza masizi bomba likiwa na joto kali. Sailensa ya usiku kucha haifikishi joto hilo, masizi yanalundikana tu. Wiki mbili za hivyo na gari litakataa kuvuta. Ukiwa na DPR, kila wiki litembeze nusu saa barabara kuu bila kusimama, na nunua oili yenye alama JASO DL-1, isiyoacha majivu mengi. Salfa siyo kisingizio tena, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango chake kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Na ukiona oili inapanda kwenye dipstiki badala ya kushuka, usifurahi: ni dizeli inaingia kwenye sampu.

Kwa joto la Dodoma, feni ya paa inayotoa hewa nje, wavu wa mbu kwenye madirisha ya pande mbili, na kuegesha kivulini kuanzia saa nane mchana. Bati lililochomwa na jua hadi magharibi linapumua joto mpaka saa tano usiku.

NAIROBI

Nataka kununua gari la watalii lililostaafu, HiAce yenye paa la kuinuka. Najiona niko mbele, maana naweza kusimama ndani. Nitaweka kitanda, jiko, tenki la maji lita 60. Fundi anataka kuongeza majani mawili ya spring nyuma. Sawa?

Jibu: Kwa paa, hongera. HiAce ya paa la kawaida ina urefu wa milimita 1,980 kutoka chini hadi juu kwa nje, basi ndani utapiga magoti. Lakini paa la kuinuka limekatwa na kufungwa huku kwetu, na ubora unategemea aliyekata. Lifunge, mtu amwagie maji kwa bomba dakika tano huku wewe uko ndani na tochi. Tazama pembe nne. Kisha lifungue uangalie bati pale lilipokatwa: kama ukingo haukuimarishwa kwa bomba la mraba kuzunguka pande zote, bodi inajipinda kwenye barabara mbovu na utaona rangi imepasuka juu ya milango. Magari haya pia yamekula vumbi miaka yote. Fungua bomba la hewa kati ya filta na turbo, pitisha kidole. Vumbi likiwa upande wa turbo, limeingia hadi kwenye silinda.

Sasa mzigo. Karatasi ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 12, ina kilo 20 hivi. Sita ni 120. Maji 60. Betri ya lithiamu 12. Friji iliyojaa 35. Godoro 20. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa, 13. Keria na turubai 50. Mizigo 60. Watu wawili 150. Jumla ni kilo 520. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari lako, toa uzito mtupu, utaona 520 kwa kawaida inabebeka. HiAce haiteswi na kilo hizo, inateswa na mahali zilipowekwa: tenki la maji nyuma kabisa ya ekseli linanyanyua pua, na jiko, friji na betri vyote upande mmoja vinalalisha gari. Weka maji na betri kati ya ekseli mbili, tena chini. Kuta tumia milimita 9 au 6. 12 ibaki kwa kitanda.

Jani moja la spring linatosha, na mara nyingi hata hilo halihitajiki ukibadilisha shokapu zilizochoka. Mawili yatakurusha godoroni na kupasua kabati zako. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya HiAce zina valvu ya breki inayopima mzigo, yenye kijiti kinachoshika ekseli ya nyuma. Ukiinua gari kwa majani, kijiti kinadhani gari ni tupu na kinapunguza breki za nyuma, wakati wewe umebeba nyumba. Kama ipo, irekebishwe baada ya kazi ya spring.

Matairi: 195/80R15 yenye alama 107/105, yaani kilo 975 kwa tairi moja. Tairi la gari dogo lenye alama 94 linabeba kilo 670 tu, na hata likiingia kwenye rimu, litakupasukia Mtito Andei saa nane mchana. Soma pia tarakimu nne za umri: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari likikamilika, lipime kwenye mizani, ekseli moja moja. Na idadi ya viti na umbo la bodi vilingane na logibuku, bima nao waambiwe limekuwa gari la kulala, kabla hujatoka.

MOSHI

Betri ya pili niiunge vipi? Nataka friji, feni, taa, na kuchaji kompyuta. Kuna anayesema waya mmoja mnene kutoka betri ya gari unatosha.

Jibu: Hesabu kwanza matumizi ya siku. Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50, kwenye joto, wati-saa 500. Feni ya wati 30 kwa saa nane, 240. Taa 40. Simu na kompyuta 120. Jumla 900. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,280, na utatumia 1,000 bila kuiumiza. Kwa betri za risasi utahitaji ampea-saa 200, kwa kuwa nusu tu ndiyo ya kutumia, na zitakuwa na kilo 50 na zaidi.

Waya mtupu usiunge. Lithiamu ikiwa na njaa inavuta umeme wote inaoupata, na altaneta ikiwa sailensa haina upepo wa kujipoza, inaungua. Weka chaja ya ampea 30 kati ya betri mbili (DC-DC). Safari ya saa mbili itakurudishia wati-saa 700 hivi. Waya wa milimita za mraba 16 kwa umbali wa mita 4, na fyuzi ya ampea 50 kila upande, karibu kabisa na betri zote mbili. Watu huweka upande mmoja tu. Waya ukisuguliwa kwenye bodi katikati, betri isiyo na fyuzi itaendelea kuulisha moto. Ardhi ya chaja iwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha kipakwe grisi.

Paneli ya wati 200 juani saa tano za maana inatoa wati-saa 750 baada ya upotevu. Ukikaa siku tatu bila kuendesha, utapungukiwa kidogo kila siku, nayo betri itakubeba. Betri isikae chini ya viti vya mbele, injini iko hapo, na lithiamu ikipita nyuzi 50 hivi inakataa kuchajiwa. Friji iachiwe sentimita 5 nyuma za kupumua, la sivyo hesabu yote hii ni bure.

TANGA

Nikipachika sponji na plaiwudi kwenye kuta, si bati litaoza kwa ndani na chumvi hii ya bahari?

Jibu: Litaoza ukitumia sponji ya godoro au sufi inayonyonya maji. Pumzi za watu wawili usiku zinageuka maji kwenye bati baridi alfajiri. Tumia foamu yenye vyumba vilivyofungwa, milimita 10 hadi 20, ibandikwe kwenye bati bila nafasi ya hewa. Kabla yake, kila kikwaruzo kipakwe primer na rangi, na ndani ya nguzo pulizia nta ya kuzuia kutu. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe kamwe. Ukitoboa sakafu, tundu lipakwe rangi siku hiyo hiyo. Chini ya gari osha kwa maji baridi kila urudipo kutoka ufukweni.

LONDON

Natafuta Volkswagen Transporter ya dizeli hapa Uingereza. Kuna la kuepuka?

Jibu: Kama unaishi ndani ya London, dizeli isiyofikia Euro 6, kiwango cha moshi cha Ulaya, inalipa pauni 12.50 kwa kila siku inapotembea, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo hilo la ada ya moshi (ULEZ) ni mitaa yote ya jiji. Van nyingi ndogo zilifikia Euro 6 kuanzia Septemba 2016, ila kagua kwa namba ya gari, mwaka peke yake usikudanganye. Kwa T5, kizazi cha tano cha Transporter, ya 2010 hadi 2015, injini ya lita 2 yenye turbo mbili, msimbo CFCA, inajulikana kula oili: kipoozeo cha EGR hubomoka ndani na chembe zake hukwaruza silinda. Muulize muuzaji anaongeza lita ngapi kati ya sevisi.

BUKOBA

HiAce yangu, 2KD, ilichemsha mara moja. Fundi akatoa thamostati na kuitupa, anasema nchi za joto haihitajiki. Tangu hapo haichemshi, lakini inakula dizeli zaidi. Inahusiana?

Jibu: Inahusiana moja kwa moja. Bila thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaongeza dizeli. Oili nayo haipati joto la kufukuza unyevu, inakuwa uji. Na chanzo cha kuchemsha bado kipo.

Rudisha thamostati halisi. Kabla ya kuifunga, itie kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na joto lililogongwa kwenye chuma chake. Kisha tafuta chanzo. Toa rejeta, ioshe kwa nje kutoka upande wa injini kwenda mbele, utashangaa wadudu na vumbi vitakavyotoka. Angalia kifuniko cha rejeta, mpira wake ukipasuka shinikizo linapotea na maji yanachemka mapema. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, si ya bomba. Mwisho, injini ikiwa baridi na kifuniko wazi, washa utazame maji. Yakitoa mapovu mfululizo bila kukoma, gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo usisafiri nalo tena mpaka hedi ifunguliwe na kupimwa unyoofu.